Fumua Kwanza: Jinsi ya Kuanza Kubuni Mikoba Ukiwa Kawangware

Usianze na kitabu cha michoro. Anza na mkoba uliokatika.

Nenda Toi au Gikomba, utafute mikoba mitatu ya mitumba iliyochoka, ile ambayo muuzaji ameisukuma pembeni kwa sababu zipu imekwama au mkanda umeng'oka. Atakuachia kwa bei ya kutupa. Kaa chini na wembe, ufumue mshono mmoja baada ya mwingine. Usirarue. Piga picha kila hatua, kisha tandaza vipande vyote sakafuni kwa mpangilio ule ule uliovitoa.

Utashangaa wingi wake. Mkoba ambao kwa nje ni pande mbili na mkanda, ndani una bitana, mifuko midogo, kadibodi ya kitako, viraka vya kuimarisha na vitambaa vidogo vya kufunika ncha za zipu. Hivyo vilivyofichwa ndivyo vinavyoamua kama mkoba utadumu miaka mitatu au wiki tatu. Weka kila kipande juu ya karatasi ya manila, ukichore pamoja na ukingo wake wa mshono, uandike jina lake na idadi inayohitajika. Hiyo ni pateni yako ya kujifunzia.

Sasa angalia palipokatika. Mikoba huharibikia mahali pale pale: mkanda unaposhikana na mwili wa mkoba, ncha za zipu, na pembe za chini zinazosugua. Anayezijua sehemu hizo tatu kwa mikono yake yuko mbele ya mwenye michoro mia mizuri.

Ndiyo maana nakushauri kazi yako ya kwanza iwe kurekebisha. Tafuta kona karibu na steji, iwe 46 au 56, uweke kibao kidogo: zipu, mikanda, mabegi ya shule. Watu watakuja wenyewe, hasa Januari shule zinapofunguliwa na mzazi hana pesa za begi jipya. Kurekebisha kunakulipia kodi wakati jina lako bado halijulikani. Tena kunakufundisha bure. Kwa kila mkoba unaopita mkononi mwako, andika kwenye daftari: aina yake, kilichoharibika, na kitu ambacho mwenyewe amelalamikia. Baada ya miezi michache daftari hilo litakuwa na maarifa kuhusu wateja wa Kawangware ambayo hutayapata darasani.

Tuje kwenye cherehani. Kama una ya miguu, ile Singer au Butterfly ya nyumbani kwa mama, usiidharau. Stima ikipotea wewe unaendelea. Inashona jinzi, turubai jepesi na kitenge chenye bitana bila shida, ukibadilisha sindano. Namba 16 inafaa jinzi, namba 18 turubai zito. Urefu wa mshono uweke kati ya milimita 3 na 4. Mishono midogo midogo kwenye kitu kizito hutoboa mstari na kuudhoofisha. Uzi uwe wa polyester au nailoni. Uzi wa pamba uwaachie wanaoshona nguo.

Ngozi ni habari nyingine. Ina sindano yake yenye ncha inayokata, na tundu likishatoboka halizibiki, kwa hiyo hushiki vipande kwa pini bali kwa vibanio. Ikiwa nzito, inahitaji mashine ya kiwandani ambayo mguu wake unatembea na kitu unachoshona. Usikimbilie kuinunua. Mtaani kuna mafundi wanaoshona viti vya magari na masofa. Zungumza na mmoja, kata na ubandike vipande vyako nyumbani, umlipe kwa saa au kwa mkoba. Siku utakapoona unamlipa kila wiki bila kukosa, hapo ndipo uanze kuweka pesa za mashine yako.

Na usidanganyike na ukaribu wa vichinjio vya Dagoretti. Pale kuna ngozi mbichi, yenye chumvi na harufu, ambayo bado haijapita kiwandani. Unachohitaji ni ngozi iliyokwisha kutengenezwa na viwanda kama Alpharama ya Athi River au Leather Industries of Kenya ya Thika. Kwa mtu anayeanza, Kariokor ndiyo njia rahisi. Huko mafundi wa viatu na mikoba wamekaa miaka mingi, na utapata ngozi ya kiasi kidogo pamoja na vipande vya mabaki. Ngozi hupimwa kwa futi za mraba, kwa hiyo nenda na pateni yako mkononi, uipange juu ya ngozi kabla ya kulipa. Ikunje uone kama rangi inapasuka. Isugue na kitambaa cheupe chenye maji. Ikiachia rangi hapo, itaachia rangi kwenye gauni jeupe la mteja siku ya harusi.

Vitambaa? Eastleigh kwa jumla, Biashara Street ukitaka kitenge na leso za kuchagua, Gikomba kwa jinzi nzito za mitumba. Gikomba fika alfajiri, bale zinapofunguliwa, maana kamera, yaani nguo bora za bale, huondoka mapema. Kumbuka wewe hutafuti suruali inayovalika. Goti lililochanika si neno, bora mapaja na mgongo viwe vizima. Mwambie muuzaji hivyo waziwazi na bei itashuka. Mohamed Awale wa Suave alijengea jina lake la mabegi hapa Nairobi juu ya vitambaa vya namna hiyo, kwa hiyo mtu asikwambie mitumba ni mali ya aibu.

Zipu na vyuma ndipo watu wengi hujaribu kuokoa shilingi ishirini na kupoteza mteja. Tumia zipu namba 5 kwa mkoba wa kawaida, namba 8 kwa begi la mizigo, namba 3 kwa mfuko wa ndani. Ivute mara kadhaa palepale dukani. Pete za mkanda ziangalie pale zinapoungana: pakiwa wazi, mkanda utachomoka siku moja katikati ya barabara.

Sasa mkoba wako mwenyewe. Mmoja. Sisemi mkusanyiko wa mikoba sita yenye majina ya maua. Mkoba mmoja, saizi moja, rangi mbili.

Mtindo wake usiutoe Pinterest. Simama kando ya Naivasha Road saa kumi na mbili asubuhi uangalie kina mama na wasichana wanaopanda 46 kwenda tauni, na wale wanaotembea kwa miguu kuelekea Lavington kazini. Wamebeba nini? Utaona mkoba wa bega, kisha mfuko wa pili mkononi wenye chakula, na mara nyingi viatu vya kubadilisha, kwa sababu asubuhi ya mvua huwezi kuingia ofisi ya mtu na matope ya Gatina. Utaona mkono umebana mdomo wa mkoba kwenye msongamano wa matatu. Hapo tayari una kazi ya kubuni: mkoba mmoja badala ya miwili, kitako chenye chumba cha viatu kilichowekwa bitana isiyopitisha maji, zipu inayofunga mdomo wote, na mfuko wa simu upande unaogusa mwili, si upande wa watu. Ndani iingie karatasi ya A4 bila kukunjwa, yaani sentimita 21 kwa 29.7, maana vyeti na fomu ni vya saizi hiyo. Hujaona mkoba huo dukani, na hiyo ndiyo nafasi yako.

Ama ukitaka kitu chepesi zaidi cha kuanzia, shona mfuko wa sokoni unaokunjika. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017, kila mtu anahitaji kitu cha kubebea. Ile ya bei rahisi ya dukani huchanika na viazi vya pili. Wako wa turubai, wenye mpini mrefu unaokaa begani, unaweza kuuzwa palepale kwa mama mboga, naye apate kamisheni yake.

Kitenge nakipenda, lakini nitasema ukweli: kila meza ya Maasai Market ina mkoba wa kitenge. Ukikitumia, kitumie kwa kiasi, kama bitana au mfuko wa mbele, uache jinzi au turubai lifanye kazi ngumu.

Shona wa kwanza kwa kitambaa cha bei ya chini kabisa, hata gunia la unga wa ngano, ili uone vipimo. Rekebisha pateni. Shona wa pili kwa kitambaa chenyewe. Kila mahali mkanda unaposhika, weka kiraka ndani, kisha shona mraba wenye alama ya X katikati. Ncha za zipu zifunike. Pembe za chini ziongezee kitambaa cha pili au ngozi ya mabaki.

Kisha uutese. Tia paketi tatu za unga za kilo mbili, uutundike kwenye msumari usiku kucha. Asubuhi angalia kama mshono umeanza kucheka. Umwagie maji kama mvua ya Aprili. Funga na kufungua zipu mpaka mkono uchoke. Baadaye mpe dada au rafiki anayesafiri kila siku autumie mwezi mzima, naye asikuhurumie kwa maoni. Ukirudi na kasoro, umeshinda, kwa sababu haukurudishwa na mteja.

Bei ndiyo mahali mafundi wazuri hufia. Wengi huangalia jirani anauza ngapi, wanapunguza hamsini, basi. Fanya hesabu. Chukulia mkoba wa jinzi: suruali mbili 200, bitana 80, zipu na pete 90, uzi na gundi 30, sehemu ya nauli 50. Hapo ni shilingi 450. Umeushona saa nne na umejilipa 120 kwa saa, ni 480. Sehemu ya kodi, stima na uchakavu wa mashine, tuseme 70. Jumla 1,000. Ukiongeza faida ya asilimia 30, bei yako ni 1,300. Namba hizi ni za mfano, weka zako, lakini usiruke mstari hata mmoja. Mstari wa saa zako ndio watu huufuta kwanza. Ukiufuta, siku utakapoajiri msaidizi utagundua huna pa kumlipia.

Duka la watu nalo lina hesabu yake. Tuseme duka la Lavington lauza mkoba huo 2,000 na linachukua asilimia 40. Wewe unabaki na 1,200, faida 200. Bado inafaa, mradi wanalipa kwa wakati. Uliza kabla ya kuacha mzigo: wananunua moja kwa moja au ni mali kauli? Wanalipa lini? Ukichafuka rafuni, hasara ya nani? Andikeni, mtie sahihi wote wawili. Na bei yako ya Kawangware isiwe chini sana ya ile ya dukani, la sivyo mwenye duka akipita mtaani atakurudishia mzigo wako siku hiyo hiyo.

Mtaani kwako uza kwa lipa mdogo mdogo, lakini mkoba unatoka mkono wako malipo yakikamilika. Chama cha kina mama ni soko zuri kuliko mtu mmoja mmoja: wanachama kumi wanachangia kila wiki, kila wiki mmoja anapata mkoba, na wewe unajua oda zako za miezi miwili ijayo. Kanisani pia. Kwaya, kina mama wa Guild, harusi zenye rangi maalumu, wote hawa huagiza kwa pamoja.

Nje ya mtaa, Village Market ya Ijumaa ina wateja wenye uwezo, ingawa lazima uulize mapema utaratibu na ada ya meza. Kwenye Instagram na TikTok usiweke picha ya mkoba tu. Weka video ya ule msumari na paketi tatu za unga. Weka mkono unaoingiza viatu kwenye chumba chake. Piga picha mchana, kwenye kivuli cha mlango, ukuta wa rangi moja nyuma. Andika bei. Hii tabia ya “njoo inbox” inafukuza watu.

Fungua till ya M-Pesa au Pochi la Biashara mapema, usichanganye pesa za mikoba na za mboga. Kitabu chako kitakuwa tayari kimeandikwa na simu, na siku ukienda kuomba mkopo utakuwa na kitu cha kuonyesha.

Kuhusu mkopo wenyewe: Hustler Fund, iliyozinduliwa Novemba 2022, inakopesha kuanzia shilingi 500 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Muda wa kulipa kwa mkopo wa mtu binafsi ni mfupi, siku 14. Kwa hiyo chukua ya kununulia zipu na bitana za oda ambayo tayari ina dipoziti, ulipe, kiwango chako kipande. Mashine usiinunue kwa pesa hizo, maana haiwezi kujilipa kwa wiki mbili. Mashine ni kazi ya chama, Sacco, au mfuko kama Women Enterprise Fund au ule wa vijana, na mara nyingi watataka muwe kikundi kilichosajiliwa.

Sajili jina la biashara kwenye eCitizen jina likianza kuzoeleka, chukua PIN ya KRA, na uulize kaunti kuhusu leseni kabla ya kukodi kibanda. Kabla ya kuchapisha lebo mia tano, tafuta kama jina hilo limeshachukuliwa, hata kule KIPI kwenye alama za biashara.

Mteja atakuja na picha ya Gucci akuambie, “Nishonee kama hii, na ile nembo.” Umbo la kawaida la mkoba unaweza kulitengeneza. Nembo, hapana. Sheria ya bidhaa ghushi ya 2008 ina meno, na mzigo wote unaweza kuchukuliwa. Mwambie utamshonea mzuri wenye jina lako, umwonyeshe kwenye simu.

Usifikiri pia kwamba majina ya nje hayafiki huku. Vivienne Westwood, mbunifu wa Uingereza, alianza mwaka 2010 kutengenezewa mikoba hapa Nairobi kupitia mpango wa kituo cha biashara cha Umoja wa Mataifa, ITC. Malighafi ilikuwa mabango ya turubai yaliyokwisha kutumika, mabaki ya ngozi, na shaba chakavu iliyokusanywa na kuyeyushwa Kibera. Hayo ni mambo yaliyo hapa hapa unapopita. Ambacho si rahisi kupata ni mikoba hamsini inayofanana, mshono kwa mshono, iliyokamilika tarehe iliyokubaliwa. Wanunuzi wa aina hiyo hulipia ulinganifu na uaminifu wa tarehe.

Kwa sababu hiyo hiyo, cheti kina faida, ingawa kisikusimamishe. Ukiwa na uzoefu, omba mtihani wa ufundi wa NITA, uanze Grade III. Karibu na wewe kuna chuo cha ufundi cha P.C. Kinyanjui upande wa Dagoretti, uulize kozi zao za ushonaji na ada. Ukiona moyo wako uko kwenye ngozi, Thika kuna TPCSI, chuo cha viatu na bidhaa za ngozi, na hapa Nairobi KIRDI wana kituo chao cha ngozi.

Mkoba wa kwanza uliopita mtihani wa unga usiuuze. Huo ni sampuli. Ufungie kadi yenye vipimo, namba ya sindano, aina ya uzi, na mahali uliponunua kila kitu. Msaidizi akija, anashona akiutazama huo, wala hakuulizi swali moja mara tano.

Halafu oda kubwa. Siku moja mtu atakupigia akitaka mikoba mia mbili kwa wiki tatu. Kabla ya kusema ndiyo, rudi kwenye hesabu: saa nne kila mmoja ni saa mia nane, na wewe una mikono miwili. Mwambie unaweza kutoa thelathini kwa wiki tatu, ukiwa na msaidizi mmoja. Itisha nusu ya pesa mbele, andika rangi na tarehe kwenye ujumbe ili nyote mbaki nao, umpelekee mitano ya kwanza aikague kabla hujakata kitambaa cha ile mingine. Akikataa dipoziti, mpe namba ya fundi mwingine.